GARI LINAKULA OILI: MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI



Vikundi vingi vijijini vimenunua gari. Wengine wamenunua pikapu ya kupeleka mazao sokoni. Wengine wana gari la kubeba abiria siku ya mnada. Na usiku mgonjwa akizidiwa, gari hilohilo ndilo linalompeleka hospitali.

Mengi ya magari hayo si mapya. Yalifanya kazi Japani au mjini miaka mingi kabla ya kufika kijijini. Gari la namna hiyo likizeeka huanza kula oili. Jana dereva amejaza, leo imepungua. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Wanakikundi wanamshuku dereva kwamba anauza oili. Dereva anamlaumu fundi. Fundi anasema, "Shusheni injini." Fedha za kikundi zinatoka, na pengine ugonjwa unabaki palepale.

Somo letu la leo linahusu ugonjwa huo, hasa katika magari ya dizeli yenye tabo. Tutajifunza oili inakwenda wapi, tutajuaje, na tufanye nini kabla ya kutoa fedha nyingi.

KAZI YA OILI

Ndani ya injini kuna vyuma vingi vinavyosuguana. Pistoni hupanda na kushuka ndani ya silinda. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 2,000 katika dakika hiyo moja. Kwa saa moja ni mara 120,000. Bila oili, vyuma hivyo vingepata moto na kushikana.

Pistoni imevishwa ringi. Ringi ni pete za chuma. Kazi yake ni kuzuia moto wa juu usishuke, na kuzuia oili ya chini isipande. Ringi zikilika, oili hupanda na kuungua pamoja na dizeli.

Gari lililotembea kilomita 300,000 limekwenda mwendo wa kuizunguka dunia zaidi ya mara 7. Kwa hiyo tusishangae vyuma vyake vikilika. Lakini tusikimbilie kusema, "Ni ringi." Oili ina milango mingine ya kutokea.

TABO NI NINI?

Tabo ni pampu ya hewa. Ina magurudumu mawili madogo yenye mapanga. Magurudumu hayo yameunganishwa na shafti moja. Moshi unaotoka katika injini husukuma gurudumu la kwanza. La pili nalo huzunguka, likavuta hewa na kuisukuma ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, injini huweza kuchoma dizeli zaidi, na gari hupata nguvu ya kupanda mlima na mzigo. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hati ya uvumbuzi wa jambo hili mwaka 1905.

Shafti ya tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Katika mwendo huo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyo ni ileile ya injini. Ikimaliza kazi yake hushuka kwa uzito wake kupitia bomba la kurudishia, ikaingia tena katika injini.

Hivyo tabo na oili hutegemeana. Oili ikipungua au ikichafuka, tabo huumia. Tabo ikiumia, oili huzidi kupungua.

MILANGO MITATU YA OILI

Mlango wa kwanza: oili inavuja nje. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Asubuhi litazame. Matone ya oili yatakuonyesha mahali pa kutafuta. Angalia filta, gasketi na nati ya kumwagia oili.

Mlango wa pili: oili inaungua ndani ya injini. Dalili yake ni moshi wa rangi ya buluu. Moshi huo ukitoka asubuhi gari linapowashwa, kisha ukaisha, shuku sili za valvu. Ukitoka wakati wote gari linapovuta mzigo, shuku ringi. Usichanganye na moshi mweusi. Huo mara nyingi huonyesha kwamba dizeli imezidi au hewa haitoshi.

Mlango wa tatu: oili inapita kwenye tabo. Fungua mpira wa hewa unaotoka kwenye tabo. Unyevu kidogo wa oili ni jambo la kawaida. Lakini oili ikiwa imetuama humo, kuna kasoro. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika gurudumu la tabo kwa vidole. Likichezacheza sana, au mapanga yakiwa yamegusa ukuta, tabo imekwisha.

Hata hivyo, tabo nzima nayo huweza kutoa oili. Eaklina ikiziba kwa vumbi, tabo huvuta kwa nguvu na kunyonya oili yake yenyewe. Bomba la kurudishia likiziba, oili hukosa njia ya kushuka. Bomba la kupumulia la injini likiziba, pumzi hujaa ndani na kuzuia oili isirudi. Mtu asiyejua atanunua tabo mpya. Atalifunga, na oili itaendelea kupotea.

MAZUNGUMZO

Tuchukue mfano wa kikundi kimoja cha wakulima chenye pikapu ya namna hii. Wamekaa kikao.

Mweka hazina: Dereva, wiki hii umechukua lita moja na nusu ya oili. Wiki iliyopita vilevile. Inakwenda wapi hiyo oili?

Dereva: Mama, hii gari inakula oili. Mimi siwezi kuificha mfukoni.

Mwenyekiti: Hebu tusigombane. Umetembea kilomita ngapi tangu uongeze mara ya mwisho?

Dereva: Safari tatu za mnadani, mzee. Kilomita sijaandika.

Mweka hazina: Basi huna ushahidi.

Dereva: Na nyie pia hamna, mama.

Ndugu msomaji, dereva huyu amesema kweli. Hakuna aliyepima, hakuna aliyeandika. Katika hali hiyo mwizi na mtu mwema wanafanana. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

PIMA, KISHA UANDIKE

1. Simamisha gari mahali pa tambarare. Zima injini, subiri dakika 10 ili oili ishuke.

2. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa safi, irudishe hadi mwisho, kisha ichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Isishuke chini ya alama ya chini, wala isipite ya juu. Oili ikizidi hupigwa na vyuma ikatoa povu, na nyingine hutokea kwenye bomba la kupumulia.

3. Ongeza kidogo kidogo kwa chombo chenye kipimo. Usikadirie kwa macho.

4. Andika tarehe, kilomita, na kiasi ulichoongeza. Watu wawili waweke sahihi: dereva na mjumbe mmoja.

Kikundi chetu kiliandika hivi:

Tarehe 3: kilomita 312,000. Oili imejazwa hadi alama ya juu.
Tarehe 10: kilomita 312,500. Imeongezwa lita 1 na nusu.
Tarehe 17: kilomita 313,000. Imeongezwa lita 1 na nusu.

Tufanye hesabu. 313,000 kutoa 312,000 ni kilomita 1,000. Lita 1 na nusu mara mbili ni lita 3. Basi gari linakula lita 3 kila kilomita 1,000. Mweka hazina mwenyewe alikuwepo wakati wa kupima. Sasa kikao kilijua kwamba dereva haibi. Gari ndilo mgonjwa.

Je, lita 3 ni nyingi? Ndiyo. Kila gari hula oili kidogo, na tabo huongeza. Lakini baadhi ya watengenezaji wa magari huandika kwamba mwisho wa kuvumilia ni kama lita 1 kwa kilomita 1,000. Tazama kitabu cha gari lako.

Jihadhari na jambo moja. Oili ikiongezeka bila kutiwa, usifurahi. Huenda dizeli au maji yanaingia ndani yake. Ikiwa rangi yake imekuwa kama chai ya maziwa, yameingia maji. Usiliwashe gari. Mwite fundi.

ANZA NA DAWA YA BEI NDOGO

Usishushe injini kabla ya kufanya mambo haya:

Kwanza, ziba mivujo ya nje.

Pili, safisha au badilisha eaklina. Angalia na mipira ya hewa kama imepasuka. Vumbi la barabarani likipenya hapo hula mapanga ya tabo, likala na ringi.

Tatu, fungua na usafishe bomba la kupumulia na bomba la kurudishia oili ya tabo.

Nne, badilisha oili na filta kwa wakati uliotajwa katika kitabu. Tumia oili ya injini ya dizeli yenye tabo, ya namba iliyoandikwa katika kitabu hicho. Kama kitabu kinaruhusu oili nzito zaidi kwa nchi za joto, unaweza kuitumia. Lakini usizidishe uzito kwa kubahatisha. Oili nzito mno huchelewa kufika kwenye tabo asubuhi.

Tano, pima tena kwa kilomita 1,000.

Kikundi chetu kilikuta eaklina imejaa vumbi, na bomba la kupumulia limezibwa na masizi. Walisafisha, wakapima tena. Safari hii gari lilikula lita 1 kwa kilomita 1,000. Wameokoa lita 2. Wakitembea kilomita 2,000 kwa mwezi, wanaokoa lita 4 kila mwezi. Gari halikupona kabisa, kwa maana uzee hauna dawa. Lita 1 ni mpakani. Kwa hiyo daftari linaendelea, na wameanza kuweka akiba ya matengenezo makubwa.

Kama kwenu gari halikupata nafuu, mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda. Akikuonyesha kwamba imeshuka, hapo kushusha injini ni haki. Fundi mzuri haoni haya kuonyesha kipimo.

KUITUNZA TABO

Ukiwasha gari asubuhi, usikanyage mafuta kwa nguvu. Ngoja kidogo oili ifike kwenye tabo. Ukitoka kupanda mlima na mzigo, usizime injini papo hapo. Iache ingurume polepole dakika 1 au 2. Ukiizima ghafla, oili iliyobaki ndani ya tabo huungua kwa joto ikawa masizi. Masizi hayo ndiyo huziba njia.

HATARI KUBWA

Tabo ikivunjika, oili nyingi huweza kumiminika ndani ya injini ya dizeli. Injini huichoma kama dizeli. Hapo hupiga kelele na kuongeza mwendo yenyewe, moshi unajaa, na ukigeuza ufunguo haizimiki. Kama gari lina gia za mkono na bado umekaa ndani, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia kubwa, uachie klachi. Injini huzimika. Njia nyingine ni kuziba mdomo wa hewa kwa kitu kigumu na bapa, kama kipande cha ubao. Usitumie mkono. Usitumie kitambaa chepesi, maana kitamezwa. Ikishindikana, waondoe watu wote mbali. Injini huweza kupasuka.

Ndiyo sababu gari linalokula oili si jambo la kusema, "Tutaona kesho." Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja milango mitatu ambayo oili hupotelea.
2. Kwa nini tabo nzima huweza kutoa oili?
3. Gari limetembea kilomita 800, likaongezwa lita 2. Linakula lita ngapi kwa kilomita 1,000?
4. Uliza dukani bei ya lita 1 ya oili. Kikundi kilichookoa lita 4 kwa mwezi kimeokoa shilingi ngapi kwa mwaka?
5. Je, gari la kikundi chenu lina daftari? Nani anaandika, na nani anashuhudia?

Jibu la swali la 3: lita 2 na nusu.