Somo la 31: Noeli, Baba yuko ng'ambo

1. Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910, na mpaka mwaka 1966 uliitwa Élisabethville. Wakati wa vita kuu ya pili, iliyoanza mwaka 1939 ikaisha mwaka 1945, watu wa mji huo walifanya kazi kwa bidii nyingi. Wengine walichimba mawe ya shaba na kuyayeyusha, kwa maana shaba ilitakiwa sana vitani. Wengine walikuwa askari. Jeshi la Kongo wakati ule liliitwa Force Publique.

Mwaka 1941 askari wa Kongo walikwenda Ethiopia kupigana na Waitalia. Walishinda Asosa na Gambela, na mwezi wa saba wakashinda Saïo. Mwaka 1942 askari wengi walipelekwa Nigeria. Mwaka 1943 walitoka huko wakaenda Misri: wengine kwa malori katika jangwa, wengine kwa meli baharini. Kisha walikaa Misri na Palestina. Palestina ndiyo nchi alimozaliwa Bwana Yesu.

Nyumbani wake zao na watoto wao waliwangoja. Somo hili laeleza jinsi nyumba moja ya askari ilivyoweza kujitayarisha kwa Noeli ya mwaka 1943.

2. Katika nyumba hiyo mlikuwa mama kijana na watoto watatu. Wa kwanza ni mvulana wa miaka kumi, naye alikuwa katika darasa la nne. Wa pili ni msichana wa miaka saba. Wa tatu ni mtoto mchanga aliyezaliwa baada ya baba yake kuondoka. Baba alipanda garimoshi la kwenda Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, na toka siku ile hawakumwona tena. Barua zake zilikuwa chache. Tena hazikutaja mahali alipo, kwa kuwa wakati wa vita barua za askari zilisomwa kwanza na wakubwa wao. Mwezi wa nane ilifika moja. Mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja haikufika hata moja.

3. Majilio yalipoanza, mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Maembe yaliiva. Uyoga mkubwa uliota penye vichuguu, na watoto wakaenda kuuchuma asubuhi na mapema kabla ya shule. Mama aliuza maembe na uyoga sokoni. Franka alizopata alizifunga katika pembe ya kitambaa. Vitu vya ng'ambo vilikuwa haba na ghali mwaka ule, kwa hiyo hakununua nguo mpya. Alifungua kanzu ya zamani ya msichana, akaongeza kipande chini, ikawa ndefu tena. Kaptula ya mvulana alitia kiraka kwa uzi wa rangi ile ile.

Jumamosi moja walipaka kuta chokaa. Watoto walileta udongo wa kichuguu, wakaukanda kwa maji kidogo, wakafinyanga Mtoto Yesu, Maria, Yosefu, ng'ombe na kondoo. Waliviweka kivulini vikauke polepole, visije vikapasuka. Hori walilitengeneza kwa majani makavu.

4. Jioni moja msichana aliuliza: "Mama, jogoo tutamchinja siku ya Noeli?"

Mvulana akamkatiza: "Sivyo! Huyo ni jogoo wa baba. Tumngojee arudi. Sikukuu gani hiyo, sisi tunakula kuku na baba anakaa vitani?"

"Lakini yaya, jogoo anazeeka," akasema msichana.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Baba yenu alifuga kuku ili watu wa nyumba hii wale. Tukikaa na njaa siku ya Noeli, yeye atashiba kwa njaa yetu? Tutamchinja. Na mama wa nyumba ya tatu tutamwita pamoja na watoto wake."

Mvulana akainama. Mume wa mama yule alikuwa amekufa Ethiopia. Toka siku ile watoto wake hawakusikika wakicheza sana.

5. Siku ya pili mama alisema: "Lete karatasi. Tumwandikie baba."

Mama hakujua kusoma wala kuandika. Alisema maneno, na mwanawe akayaandika:

"Baba yetu mpendwa, twakusalimu sana. Mimi niko darasa la nne, na Mwalimu asema hesabu yangu ni nzuri. Paa lilivuja, tukaliziba. Mahindi yameota vizuri."

Hapo mama akasema: "Andika kwamba mtoto aliugua malaria mwezi wa kumi, akalazwa siku tano, na sasa amepona."

Mvulana aliweka kalamu chini. "Hapana, mama. Hayo tusimwambie. Yuko mbali, hawezi kusaidia neno. Atahuzunika bure."

Mama akamjibu: "Mwanangu, baba yako si mgeni wa nyumba hii. Tukimwandikia mazuri peke yake, siku atakapopata barua atajiuliza ni nini tulichomficha. Mwambie ukweli wote: mtoto aliugua, na mtoto amepona. Akijua kwamba hatumfichi, atasadiki tukisema tu wazima."

Mvulana alifikiri. Aliokota kalamu, akaandika yote mawili. Kisha msichana aliushika mguu wa mtoto juu ya karatasi, na kaka yake akachora kuuzunguka, vidole vyote vitano. Chini yake akaandika: "Huu ndio mguu wake wa leo. Ameanza kutembea." Barua ikapelekwa posta.

6. Noeli ya mwaka ule iliangukia siku ya Jumamosi. Usiku walikwenda Misa. Padri aliwaombea askari walio mbali, na wale waliokufa. Mama wa nyumba ya tatu alilia, na mama huyu akamshika mkono mpaka mwisho wa Misa.

Mchana walikula bukari, kuku, sombe na samaki mkavu aliyetoka Kasenga, mtoni Luapula. Wakubwa na wadogo walikunywa munkoyo. Watoto wa nyumba ile nyingine walikula wakashiba, kisha wakatoka nje kucheza mpira wa matambara. Mvulana aliwasikia wakicheka. Hakusema tena habari za jogoo.

Barua kutoka kwa baba haikufika siku ile. Ilifika miezi mitatu baadaye, nayo ilikuwa fupi: "Nimepata barua yenu. Nimeisoma mara nyingi. Asanteni kwa kuniambia habari za ugonjwa. Mguu wa mtoto nimeupima juu ya kiganja changu. Kumbe ni mkubwa hivyo!"

7. Mwishoni mwa mwaka 1944 jeshi lile la Misri na Palestina lilirudi Kongo. Lakini Wakongo wengine walikaa mbali Noeli ya pili na ya tatu. Hao ni watu wa hospitali ya jeshi, Wakongo kama 350 pamoja na Wabelgiji kama 20. Walihudumia majeruhi katika Madagaska, kisha Burma, nchi ya Asia. Huko Burma walikuwa pia askari wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na wengi wao walisema Kiswahili. Kazi ya Wakongo hao haikuwa kupiga bunduki. Waliwabeba waliojeruhiwa, wakafunga vidonda, wakaosha wagonjwa. Mmoja wa watu waliohudumu Burma, Albert Kunyuku, aliishi miaka mingi. Mwezi wa sita mwaka 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani mjini Kinshasa. Alikuwa na umri wa miaka mia hivi.

Majina ya wanawake waliobaki nyumbani hayakuandikwa juu ya nishani. Lakini walilima, waliuza sokoni, waliuguza watoto, na sikukuu ilipofika waliitayarisha. Anayesafiri huzishika safari zake, na anayebaki huishika nyumba. Wahenga walisema: Subira yavuta heri.

MASWALI

1. Mji wa Lubumbashi uliitwaje kabla ya mwaka 1966?
2. Askari wa Kongo walikwenda nchi gani mwaka 1941? Na mwaka 1943?
3. Kwa nini barua za baba hazikutaja mahali alipo?
4. Mama alipata wapi franka za sikukuu?
5. Kwa nini mvulana hakutaka kuandika habari za malaria? Mama alimjibu nini? Wewe waonaje?
6. Kwa nini mama aliwaita watu wa nyumba ya tatu?
7. Andika barua fupi kwa ndugu yako aliye mbali. Mwambie jambo moja la furaha na jambo moja la taabu.