Sonona ya Ncha Moja na Sonona ya Ncha Mbili: Swali la Kuulizwa Kabla ya Dawa

Mgonjwa anapofika katika kituo cha afya kisiwani Unguja akieleza kwamba kwa zaidi ya wiki 2 hana raha, hana hamu ya chakula na usingizi umempotea, ni rahisi kuhitimisha kuwa ana sonona. Hitimisho hilo huenda likawa sahihi, lakini halijakamilika, kwa kuwa sonona ina aina mbili zinazofanana kwa nje na kutofautiana kwa tiba.

Katika sonona ya ncha moja, mgonjwa huzama katika huzuni, kisha hurejea hali yake ya kawaida. Katika sonona ya ncha mbili, mgonjwa amewahi pia kupanda upande wa pili, yaani mania: kwa siku kadhaa mfululizo hulala kidogo bila kuchoka, huzungumza bila kituo na hutumia fedha ovyo.

Chukulia mfano wa muuza kanga wa Darajani. Yeye hataji kwamba mwaka uliopita alikesha, akakopa na kujaza duka bidhaa zisizouzika, kwani wakati huo alijiona mzima kuliko wote. Dada yake ndiye anayekumbuka. Jamaa walisema amepandwa na shetani. Kwa hiyo, kwa ridhaa ya mgonjwa, ndugu naye aulizwe. Shaka izidi iwapo sonona ilianza ujanani, hurudi mara kwa mara, ilifuata uzazi, au kuna ndugu wa damu mwenye maradhi hayo.

Swali hili si dogo. Mgonjwa wa ncha mbili akipewa dawa ya sonona peke yake, kama vile amitriptilini, mania huweza kuibuka. Huyo huhitaji dawa za kuimarisha hisia, mfano lithiamu, inayodai vipimo vya damu. Valproeti huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; wanawake wa umri wa kuzaa waepushwe nayo.

Anayetumia lithiamu amwone daktari kabla ya kufunga Ramadhani: upungufu wa maji huongeza dawa mwilini hadi kuwa sumu, na kukesha huweza kuamsha mania. Asiache dawa kwa uamuzi wake.

Katika aina zote mbili, mgonjwa aulizwe waziwazi kuhusu fikra za kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akiwa nazo, asiachwe peke yake, na apelekwe haraka kwa wataalamu, wakiwamo wa hospitali ya Kidongo Chekundu.