Shangazi, Pesa ya Kiwanja Imeishia Kwenye Vitabu vya Katuni



Mimi ni mwenyeji wa Tanga, naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka tisa. Mume wangu anabeba boksi usiku ghalani, mimi nahudumia wazee. Tangu tuoane tunaweka pesa kwenye akaunti ya pamoja ili tununue kiwanja nyumbani na kuanza msingi. Hanywi, havuti, hana mambo ya nje. Nilikuwa namshukuru Mungu.

Mwezi uliopita kaka yangu alipiga simu kutoka Tanga kwamba kiwanja kimepatikana na mwenyewe anataka malipo ya kwanza. Kufungua akaunti, nakuta zimetoka dola 6,400 kwa mikupuo mitatu. Nilipomuuliza akanipeleka kwenye kabati la nguo, akanionyesha vitabu vitatu vya katuni. Vya watoto, Shangazi! Kila kimoja kimefungiwa ndani ya plastiki ngumu, juu kina namba, hata huwezi kukifungua ukasoma. Kimoja kina yule Black Panther, anasema ni cha mwaka 1966. Anadai hiyo ndiyo akiba, kwamba kiwanja kinaweza kuwa na hati mbili lakini vitabu hivi havina mgogoro, na bei yake inapanda tu. Eti tukirudi nyumbani tutarudi navyo.

Nimelia. Nikamwambia iko siku akiwa kazini nitayapasua maplastiki yake nimpe mtoto asome, tuone kama ni akiba. Tangu siku hiyo hasemi na mimi, na kabati kalitia kufuli. Je, kweli vina thamani au ametapeliwa? Nimlazimishe auze vyote? Na niwapigie simu wazee wake Mombasa, au ninyamaze?

Mama Mtoto Mmoja, Columbus

*

Pole sana, mwanangu. Nianze na lile la haraka: usiyapasue. Simtetei mumeo, yeye nitamfikia. Lakini dola zenu zimo ndani ya kabati hilo, na sehemu kubwa ya dola hizo imebebwa na ile plastiki na ile namba. Ukiivunja utakuwa umejipiga mwenyewe.

Namba hiyo hutolewa na kampuni za ukaguzi. Inayojulikana kuliko zote ni CGC, ya Florida, iliyoanza kazi mwaka 2000. Mwenye kitabu hukipeleka, wakaguzi wakakipitia ukurasa kwa ukurasa. Hutazama pembe, mgongo, pini, rangi ya karatasi, na kama kuna mahali pamekatwa au pamepakwa rangi ili kuficha ubovu. Kisha hukipa alama, kuanzia 0.5 hadi 10, na kukifungia kwenye kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Kuanzia hapo mnunuzi aliye California anaweza kumlipa muuzaji wa New York bila kumwamini kwa maneno matupu. Kasha likivunjwa, alama nayo imekwisha, na kitabu kinakuwa kitabu kikuukuu kisicho na ushahidi. Mtoto akikikunja mara moja tu, rangi ya mgongo inapasuka mistari midogo. Wewe na mimi tukiwekewa nakala ya 9.0 na ya 9.8 tungetafuta tofauti kwa muda mrefu, lakini katika vitabu vinavyogombewa bei ya moja inaweza kuwa mara kadhaa ya nyingine.

Kwa hiyo ndiyo, vina thamani, na si porojo za mumeo. Action Comics namba 1 ya mwaka 1938, Superman alipotokea kwa mara ya kwanza, iliuzwa senti 10 mitaani. Aprili 2024 nakala yake yenye alama 8.5 ilinunuliwa kwa dola milioni 6 kwenye mnada wa Heritage, kampuni ya Dallas. Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, alimozaliwa Spider-Man, iliuzwa senti 12. Septemba 2021 nakala moja ya alama 9.6 ilifika dola milioni 3.6, ilhali nakala zilizochakaa za toleo hilohilo huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Hadithi ni ileile na picha ni zilezile, ila karatasi ya moja ilitunzwa na ya nyingine haikutunzwa.

Na kutunzwa ndiko kulikokuwa kugumu. Vitabu hivi vilichapwa kwenye karatasi ya magazeti, ambayo ndani yake ina asidi inayoigeuza manjano na kuifanya ivunjike. Watoto walivikunja wakatia mfuko wa nyuma, wakabadilishana, wakachana picha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili watoto wa Marekani walizunguka nyumba hadi nyumba kukusanya karatasi chakavu kwa ajili ya vita, na vitabu vingi vya katuni vikaenda na rundo hilo. Sisi wenyewe tunajua habari hiyo. Waliokulia Tanzania wakiwasoma Madenge na Ndumilakuwili kwenye jarida la katuni la Sani wajiulize leo nakala safi ya miaka ile iko wapi, wakati nyingi zilifungiwa karanga.

Wakati mwingine hatari ilitoka kwa mchapishaji mwenyewe. Mwaka 1974 kampuni ya Marvel ilianza kuweka stempu kwenye kurasa za barua na kuwahimiza wasomaji wazikate na kuzikusanya. Basi Incredible Hulk namba 181 ya mwaka huohuo, ambamo Wolverine anaanza kuonekana kikamilifu, leo inaweza kuwa na jalada linalong'aa na bado ikapoteza sehemu kubwa ya bei yake kwa sababu mtoto fulani alifuata maelekezo na kuchukua mkasi.

Nakala zilizopona zilipona kwa watu wa namna ya mumeo. Pale Colorado aliishi mchoraji wa matangazo, Edgar Church, aliyenunua vitabu vya katuni kwa miaka mingi na kuvipanga kwa marundo nyumbani kwake, gizani, katika hewa kavu ya milimani. Familia yake ilipokuwa ikisafisha nyumba mwaka 1977, muuzaji kijana aitwaye Chuck Rozanski akaenda kuangalia, akakuta maelfu kwa maelfu ya nakala ambazo ni kama zimetoka kiwandani. Mpaka leo nakala iliyotoka nyumba ile hulipiwa zaidi. Nakusimulia haya ili ulitoe lile neno "vya watoto". Mtu mzima anayejua kutunza kitu dhaifu si mjinga. Muulize alianzia wapi kuvipenda, na umsikilize mpaka amalize.

Sasa niseme na mumeo, maana najua utampa asome.

Mwanangu, kusema bei inapanda tu si kweli, na wewe unayefuatilia mambo haya unalijua hilo. Mwaka 1991 X-Men namba 1 iliuzwa nakala zaidi ya milioni 8, kwa kuwa kila mtu aliambiwa anunue, aiweke, atajirike. Kila mtu aliiweka, kwa hiyo haikuadimika, na leo nakala ya kawaida ni dola chache tu. Wimbi lile lilipovunjika maduka mengi yalifungwa, na Desemba 1996 Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Tena juzi tu, watu walipokuwa wamefungiwa ndani kwa corona, bei zilipaa mpaka 2021, kisha kuanzia 2022 vitabu vingi vikashuka. Kitabu chako cha 1966, ikiwa ni Fantastic Four namba 52 ya Julai, ni kizuri na kina historia. Humo ndimo mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walimtoa Black Panther kwa mara ya kwanza, na filamu ya 2018 ikakifanya kitafutwe na watu wasiowahi kukisikia. Lakini bei inayopandishwa na filamu hupoa filamu ikishasahaulika. Aliyenunua kileleni anaweza kungoja miaka mingi arudishe pesa yake.

Kisha kuna gharama za kutoka. Mnada una kamisheni yake. Mwenye duka atakupa chini sana ya bei ya sokoni, maana naye anatafuta faida. Ukiuza kwa faida, serikali ya Marekani huviweka vitu vya makusanyo katika kundi lake, na kodi ya faida ya muda mrefu inaweza kufika asilimia 28. Kiwanja nacho kina shida zake, na hofu yako ya hati mbili ni ya haki kabisa, watu wameumia. Dawa yake ni kufanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kulipa. Ungeisema hofu hiyo mezani, mkeo angekusikia. Badala yake ulitoa mara tatu pesa ambayo nusu yake imetoka kwenye mgongo wa mwanamke anayewageuza wagonjwa vitandani, na mara zote tatu ukanyamaza. Kosa lako ni hilo. Ungenunua dhahabu kimyakimya ningekwambia maneno hayahaya.

Nikurudie wewe binti yangu. Hukuandika kwamba alikudanganya ulipomuuliza. Alikupeleka akakuonyesha. Shika hapo, maana pana mlango wa kuingilia. Anza kwa kumwomba radhi kwa tishio la kupasua, tishio peke yake, si kwa kudai pesa yako. Lile kufuli linanitia wasiwasi kuliko dola zenyewe, na halitatoka kama anaamini akienda kazini atarudi akute vipande.

Siku mkiwa wote mapumziko, mtoto akiwa shule, vitoeni vyote vitatu viwekwe mezani. Kwenye kila lebo kuna namba ya utambulisho. Iingizeni kwenye tovuti ya kampuni iliyokikagua, muone kama toleo na alama vinalingana na kilicho mbele yenu. Kama ni kasha la CGC, tazameni na rangi ya lebo. Bluu ni ya kawaida, manjano ni ya kitabu kilichosainiwa mbele ya shahidi wao, zambarau maana yake kimefanyiwa ukarabati, na kijani kina dosari kubwa iliyotajwa palepale. Zambarau na kijani huteremsha bei sana. Kagueni na kasha lenyewe kama lina nyufa au dalili za kufunguliwa, kwani miaka ya karibuni CGC ilitangaza kwamba kuna mtu aliyetumia vibaya huduma yao ya kubadilisha makasha, akaingiza vitabu duni chini ya lebo za alama za juu.

Halafu tafuteni bei. Msitazame bei ambazo wauzaji wameandika, maana yeyote anaweza kuandika anachotaka. Tazameni bei ambazo wanunuzi wamelipa miezi michache iliyopita kwa toleo lilelile lenye alama ileile. Andikeni pembeni alichotoa yeye. Mkimaliza mtajua kama katika zile 6,400 zimebaki 6,000 au 3,500, na ugomvi wenu utakuwa na namba ya kushika badala ya sauti.

Kumlazimisha auze vyote kesho sikushauri. Anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara, na hasara hiyo ni yenu wote. Kiwanja bado kinahitaji upekuzi, kwa hiyo mwambie kaka yako amwombe mwenye kiwanja muda. Mumeo achague kimoja au viwili vya kuuza kwa utaratibu, na pesa irudi kwenye akaunti. Kitakachobaki akinunue kutoka kwenu, arudishe kidogokidogo kwa pesa ya saa zake za ziada. Nina hakika atamshikilia Black Panther, na ningemwachia. Baada ya hapo pangeni kiasi cha kila mwezi ambacho kila mmoja wenu anatumia bila kuulizwa. Yeye anunue katuni, wewe vitenge au chochote. Zaidi ya kiasi hicho ni mazungumzo ya wawili.

Habari ya kurudi navyo Tanga msiifikirie. Makasha yale hayazuii unyevu, na unyevu wa pwani unapenya kila mahali. Pini zitashika kutu, karatasi itaota madoa, na alama ya 9 iliyo kwenye lebo haitakuwa na ukweli ndani yake. Tena wanunuzi wako huko mliko. Siku mkifunga safari ya kurudi kabisa, auze kwanza. Mpaka wakati huo vikae chumbani penye hewa kavu, mbali na jua na bomba la maji. Mwulizeni na mtu wenu wa bima, kwa sababu bima ya kawaida ya wapangaji mara nyingi huweka kikomo kidogo kwa vitu vya aina hii. Na akuandikie orodha yenye namba za utambulisho, alikonunua, na mahali pa kuuzia. Angepatwa na jambo leo usingejua cha kufanya, na wa kwanza kubisha hodi angekupa dola mia ukashukuru.

Wazee wa Mombasa waache kwanza. Alichofanya kinaumiza, ila bado kinatengenezeka ndani ya chumba chenu. Akikataa kukuonyesha risiti, au pesa ikitoka tena bila wewe kujua, hapo mpigie mzee wa upande wake aliyesimama kwenye nikaha. Anza na akiba ya nyumba iliyotolewa bila makubaliano, utaje kiasi na tarehe. Katuni usizitaje mpaka aulize, kwani ukianza nazo watamcheka, mumeo ataona umemvunjia heshima mbele ya watu wake, na suala la pesa litapotea papo hapo.