Somo la Mwezi: Rangi Iliyoingia Motoni

Soma: 1 Petro 1:6-7



Waliofika Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, wameona madirisha yake ya vioo vya rangi. Wengi hudhani vioo vya namna hii hupakwa rangi kwa brashi tu. Sivyo.

Katika karne ya 12 mtawa Theophilus aliueleza ufundi huu kitabuni. Mafundi wa Ulaya waliyeyusha mchanga na majivu ya miti katika tanuri. Kobalti ilitoa buluu. Shaba ilitoa kijani au nyekundu. Hivyo rangi iliingia ndani ya kioo chenyewe.

Kisha fundi alichora picha nzima juu ya ubao uliopakwa chokaa, kama seremala wa Keko achoravyo kipimo kabla ya kukata mbao. Alikata vioo kwa chuma cha moto. Brashi ilichora nyuso na mikunjo ya nguo tu, kwa unga wa shaba iliyochomwa na kioo kilichosagwa. Na vipande vilirudi motoni ili michoro ishike. Mwisho viliungwa kwa risasi.

Ndiyo maana vioo vya Chartres, Ufaransa, vya karne ya 12 na 13, vingali vinang'aa.

Ndugu, imani iliyopakwa juu siku ya Jumapili huchujuka Jumatatu. Iliyopita motoni hudumu.

Swali la kujadili nyumbani: Ni jaribu gani lililokoleza imani yako?