Andika Ulichosikia: Uhakiki wa Muziki Gazetini Ukiwa Lundo

Unaishi Lundo, unapenda muziki, na unataka jina lako litokee kwenye ukurasa wa burudani. Usisubiri kuhamia Dar es Salaam. Unahitaji masikio, daftari, simu yenye chaji, na ujasiri wa kusema wazi kwamba wimbo huu umekaa vizuri hapa na umelegea pale.

Nafasi ipo, tena kubwa. Fungua kurasa za burudani wiki yoyote. Utasoma nani kaachana na nani, nani kanunua gari, video ya nani imefikisha watazamaji wangapi. Wimbo wenyewe hausikiki. Msomaji anamaliza habari nzima ya msanii bila kujua kama sauti yake ni nzito au nyembamba. Hapo ndipo pa kuingilia: wewe mpe msomaji muziki.

Anza na sikio ambalo mwambao wa Nyasa umeshakupa. Kiangazi kikifika na ngoma ya mganda ikichezwa kwa mashindano, usikae mbele na watoto. Sogea waliko wazee, toa shikamoo, kaa kimya usikilize wanavyosemezana. Mzee aliyecheza mganda ujanani haishii kusema "wamecheza vizuri". Atakwambia ngoma kubwa inakimbia, mstari wa nyuma umechelewa kugeuka, wimbo ule ni wa kijiji kingine na wameubadilisha maneno tu. Ametaja kitu, ametaja mahali kilipotokea, ametaja kasoro yake. Huo ni uhakiki kamili. Kazi yako ni kuuhamishia gazetini, na kuwapima kwa kipimo hichohicho mastaa wa Bongo Fleva, bendi za dansi, taarabu na kwaya.

Sasa jizoeze. Chagua wimbo mmoja mpya na uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza usiandike chochote. Anika dagaa, pika, osha vyombo, acha wimbo upite. Mara ya pili shika kalamu na uandike dakika na sekunde: 0:12 besi inaingia, 0:48 kiitikio, 2:05 ala zote zinanyamaza inabaki sauti. Mara ya tatu badilisha chombo. Ukianza na spika ya simu, malizia na hedifoni au redio kubwa ya jirani. Spika ndogo ya simu huimeza besi, na wapo waliouponda wimbo kwa kukosa uzito kumbe uzito ulimezwa na simu yao.

Pima mwendo. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4, unapata mapigo kwa dakika. Singeli ya uswahilini Dar es Salaam hupita 200 bila shida. Amapiano kutoka Afrika Kusini hutembea kwenye 110 na kidogo, na siku hizi utaikuta ndani ya nyimbo nyingi za Bongo Fleva. Ukijua namba hiyo, hutaandika "wimbo una kasi" kwa kubahatisha. Namba yenyewe si lazima uichapishe. Ikusaidie wewe kusema kweli.

Taja vitu kwa majina yake. Kwenye dansi kuna gita la solo, la rithim na la besi, kuna tumba, tarumbeta na saksafoni. Kuna chemko, ile sehemu ya pili ambapo magita yanachangamka na watu wanaacha viti. Kwenye Bongo Fleva kuna biti, kolabo, kiitikio na prodyuza. Chombo usichokijua jina, kieleze kwa mlio wake: kinalia kama nini, kinaingia wapi, kinafanya nini kwa mwimbaji. Maelezo sahihi ya mlio ni bora kuliko jina la kukisia.

Futa maneno matatu kwenye kila rasimu: "mkali", "kali sana" na "kimataifa". Hayabebi kitu. Tuseme umeandika, "Wimbo huu ni mkali na una hadhi ya kimataifa." Rudi kwenye daftari lako la dakika na sekunde, uandike, "Gita linaanza peke yake. Besi inasubiri hadi ubeti wa pili, na ikifika ndipo mwimbaji anaacha kunong'ona na kuanza kuimba." Sentensi ya pili mtu anaweza kuisoma Mbamba Bay, akausikia wimbo kabla hajaununulia bando.

Maneno ya wimbo yape heshima yake. Nukuu mstari mmoja au miwili, usimwage wimbo mzima. Ule ni mali ya mtu, na hata msomaji anachoka. Sikiliza tena kabla ya kunukuu, maana sikio hudanganya kwenye lafudhi za mjini. Wimbo ukiwa wa Kimpoto, Kimatengo au Kinyanja, mkalishe mzungumzaji wa lugha hiyo akufafanulie maana, kisha mtaje kwenye makala akikubali. Usitafsiri kwa kukisia. Nyimbo za ngoma hubeba mafumbo, na fumbo likitafsiriwa vibaya linaweza kugombanisha familia mbili.

Jifunze historia kidogo kila wiki. Huhitaji shahada, unahitaji kamba ya kufungia wimbo wa leo kwenye wimbo wa jana. Ujue kwamba bendi ya NUTA Jazz iliyoanza mwaka 1964 ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Ujue kwamba Mlimani Park, yaani Sikinde, ilianzishwa 1978, na kwamba Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walitoka JUWATA kwenda kuiimarisha. Ukishajua hayo, ushindani wa Msondo na Sikinde unauelewa: ni watu waliokula sahani moja. Mpiga gita Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano alifariki mwaka 1979, lakini msikilize kwanza kabla hujaandika kwamba kijana fulani "amebuni" upigaji wa gita.

Walimu wako ni wazee waliokuwa na redio enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Waulize walisikiliza nini, saa ngapi, na nani. Andika majibu yao palepale.

Mganda nao uusomee, kwa sababu ndio makala ambayo hakuna mwandishi wa Dar es Salaam atakayeiandika vizuri kukuzidi. Ngoma hii ina damu ya beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi iliyosambaa Afrika Mashariki hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ndiyo maana utaona mistari iliyonyooka, sare, filimbi na mwendo wa gwaride. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975 na mganda umo ndani. Mtafiti Stephen Hill aliandika juu ya mganda na kioda, ngoma za Umatengo, katika kitabu cha Mashindano! cha mwaka 2000. Ng'ambo ya ziwa, Likoma na Nkhata Bay upande wa Malawi, yupo ndugu yake, malipenga. Ukiwa na mambo hayo mawili matatu mkononi, makala yako ya mashindano ya Jumamosi inapata mizizi. Usiyamwage yote, aya moja inatosha.

Usiuache upande wa akina mama. Kioda, ngoma yao, ina nyimbo zenye maneno mazito na waandishi huipita kwa sentensi moja ya "akina mama nao walitumbuiza". Wewe kaa uisikilize hadi mwisho. Muulize kiongozi nani katunga, lini, na kwa nini. Mwite mama au bibi kama inavyompasa, na uombe ruhusa kabla ya kurekodi.

Ukitaka kuona mwandishi mkubwa akimshughulikia mwimbaji kwa uzito wote, tafuta Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert hakuona aibu kumwandikia kitabu mwimbaji wa taarabu. Soma namna anavyoifanya kazi ya usanii ya Siti iwe ndiyo habari.

Kwenye onyesho la jukwaani, fika kabla mitambo haijajaribiwa. Simama kwanza katikati ya ukumbi au uwanja, kisha nyuma kabisa, kisha pembeni ya spika. Sauti hubadilika, na hukumu yako isitegemee sehemu moja. Tazama watu pia: waliinuka kwenye wimbo gani, walianza kuondoka saa ngapi. Jenereta likizimika, andika bendi ilifanya nini gizani. Waliendelea na ngoma na sauti tupu? Hiyo ni habari. Usilale kabla hujaandika rasimu, hata kama ni ukurasa mmoja wa mwandiko mbaya. Kesho asubuhi nusu ya milio itakuwa imetoka kichwani.

Hakikisha majina. Mwimbaji, mtunzi, mpiga gita, prodyuza, studio. Muulize mhusika mwenyewe jinsi linavyoandikwa. Kwenye Bongo Fleva prodyuza ni nusu ya wimbo. Huwezi kueleza sauti ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 bila kumtaja P-Funk Majani na Bongo Records yake. Kwenye ngoma, mpiga ngoma kubwa ni vivyo hivyo. Mtaje.

Toa hukumu mapema. Aya ya kwanza au ya pili msomaji ajue unasimama wapi. Kisha lete ushahidi kutoka kwenye daftari. Ukisema kiitikio kimerudiwa mno, sema mara ngapi. Ukisema mwimbaji amepanda juu kuliko uwezo wake, sema ni ubeti upi. Na wimbo ukiwa mzuri, sifia bila woga, kwa ushahidi uleule. Sifa isiyo na ushahidi haimsaidii hata msanii. Hajui arudie nini.

Hakiki kazi, mwache mtu. Mwili wake, ndoa yake, dini yake na kabila lake havimo kwenye wimbo. Hili ni suala la utu, na pia la sheria: Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ina sehemu nzima inayohusu kashfa. "Sauti yake ilichoka kwenye wimbo wa nne" ni uhakiki, unaweza kuutetea. "Alikuwa amelewa" ni tuhuma. Kama huna uthibitisho, iache.

Bahasha usipokee. Nauli yako lipa mwenyewe, hata kama ni bodaboda hadi Mbamba Bay. Mwenye onyesho akikuingiza bure, hiyo ni kawaida, lakini ahadi ya sifa isiambatane nayo. Shangazi yako akiwa kwenye kwaya unayotaka kuiandika, mwambie mhariri kabla hujaanza. Wilaya yetu ya Nyasa ni ndogo, watu wanajuana, na sifa ya kununuliwa inajulikana kabla gazeti halijafika.

Urefu wa kuanzia uwe maneno 500 hadi 600. Fungua kwa mlio, siyo kwa historia ya maisha ya msanii. Mazoezi mazuri ni haya: andika albamu nzima kwa aya moja. Robert Christgau wa The Village Voice, New York, alijijengea jina kwa hakiki fupi za namna hiyo, akizipa albamu alama kama za darasani. Alama ziache. Aya moja ichukue, kwa sababu inakulazimisha kuchagua jambo moja la kweli kuhusu albamu.

Kisha isome kwa sauti mbele ya mtu asiyeujua wimbo. Akikuuliza "kwa hiyo unasikikaje?", rudi ukaandike upya.

Kwa mhariri, tuma ujumbe mfupi kwanza. Sentensi tatu: onyesho au wimbo gani, kwa nini sasa, na wewe uko wapi. Neno "Lundo" lisikufanye ujisikie mdogo. Mhariri ana makala kumi za Dar es Salaam mezani na hana hata moja ya ziwani. Tuma maandishi yanayoweza kunakiliwa, siyo picha ya karatasi. Weka picha moja safi yenye majina ya waliomo na jina la aliyeipiga. Mtandao wa kwenu ukisumbua mchana, tuma alfajiri. Habari ya onyesho ifike ndani ya siku mbili. Uhakiki wa albamu unaweza kungoja wiki.

Uliza malipo kabla hujaandika, kwa adabu na kwa uwazi: makala inalipwa kiasi gani, lini, kwa njia gani. Uliza pia taratibu za ithibati, kwa sababu sheria hiyohiyo ya 2016 inamgusa anayefanya uandishi wa habari kuwa kazi yake. Wiki ikipita bila jibu, piga simu mara moja. Jibu likiwa hapana, badilisha aya ya kwanza na uipeleke kwenye gazeti jingine siku hiyohiyo.

Ikitoka, piga picha ukurasa na uwatumie wachezaji uliowaandika, nakala nyingine mpelekee mzee aliyekufundisha kusikiliza ngoma kubwa. Watakuonyesha palipokosewa jina au palipopitwa wimbo. Yaandike yote kwenye daftari, pamoja na tarehe ya mashindano yanayofuata.