Kielelezo cha Uboho na Seli Shina kwa Maonyesho ya Sayansi Shuleni

Mwanafunzi anayetaka kuonyesha manufaa ya utafiti wa seli shina hukabiliwa na matatizo mawili: seli haionekani kwa macho, na sifa zinazosimuliwa juu yake mara nyingi hupita ukweli. Kwa hiyo yafaa achague ugonjwa mmoja na kuueleza kwa usahihi. Katika somo hili ugonjwa uliochaguliwa ni selimundu, ambao huwasumbua watoto wengi nchini Tanzania.

Maelezo ya msingi

Ndani ya mifupa mna uboho, na ndani ya uboho mna seli shina za damu. Seli hizo hujigawa na kutoa nyingine za aina yake. Pia huzaa seli zote za damu. Msingi wa maarifa hayo uliwekwa mwaka 1961 na James Till na Ernest McCulloch huko Toronto, Kanada, katika majaribio ya panya.

Seli nyekundu yenye afya huishi siku 120 hivi. Mgonjwa wa selimundu hurithi himoglobini yenye kasoro. Seli zake hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo na kuleta maumivu makali, nazo hufa mapema, nyingi kabla ya siku 20.

Vifaa na utengenezaji

Huhitajiwa udongo wa mfinyanzi, rangi nyekundu, kopo, sinia, na kikonyo cha jani la mpapai, ambacho kina uwazi ndani. Kielelezo kinakuzwa mara 1,000. Upana wa seli nyekundu ni karibu milimita 8 zikigawanywa kwa 1,000. Hivyo kila seli iwe kisahani cha milimita 8. Kikonyo chenye uwazi wa milimita 10 hivi kitakuwa mshipa mwembamba wa damu. Vifinyangwe visahani 100 na miundu 100, vianikwe kivulini, kisha vipakwe rangi. Kopo ndilo mfupa.

Onyesho la kwanza

Visahani vipitishwe katika kikonyo, kisha miundu. Tofauti itaonekana mara moja: miundu hukwama.

Onyesho la pili

Kopo lijazwe miundu, na sehemu yake imiminwe katika sinia. Baadhi ya miundu iliyomo katika sinia iondolewe na kuwekwa visahani badala yake. Huko ndiko kuongezewa damu: mgonjwa hupata nafuu. Lakini kopo likimiminwa tena, miundu hurudi, kwa kuwa chanzo hakikubadilika. Sasa kopo lenyewe limwagwe lote na kujazwa visahani. Huo ni upandikizaji wa uboho. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walitoa taarifa ya mtoto aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu, akapona selimundu pia. Nchini Tanzania, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Onyesho la tatu

Uboho wa mtu yeyote haufai kwa kila mgonjwa. Alama za kinga za mwili lazima zilingane. Mtoto hurithi nusu ya alama hizo kwa baba na nusu kwa mama. Karatasi A na B ziwe za baba, C na D za mama. Mgonjwa apewe, kwa mfano, A na C. Kisha mwanafunzi achague bila kutazama karatasi moja ya baba na moja ya mama kwa ajili ya ndugu, arudie mara 40, na kuandika idadi ya A na C zilizotokea pamoja. Kwa wastani zitakuwa 10, yaani robo.

Mipaka ya kielelezo

Kando ya kielelezo liwekwe bango la kueleza yale ambayo udongo hauwezi kuonyesha. Seli halisi yenye afya hunyumbulika. Kumwaga kopo ni rahisi, bali kuuondoa uboho wa zamani huhitaji dawa kali zenye hatari zake. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha njia ya kurekebisha jeni katika seli shina za mgonjwa mwenyewe, isiyohitaji ndugu wa kutoa uboho. Lakini bei yake nchini Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Miongoni mwa watazamaji huenda yumo mtoto mwenye selimundu au mzazi wake. Hao wanastahili kuambiwa tumaini lililopo pamoja na kiasi chake.

Maswali

1. Kwa nini kuongezewa damu hakumponyi mgonjwa wa selimundu?

2. Wazazi wote wawili hawaumwi, lakini kila mmoja hubeba jeni moja ya selimundu. Ndugu wa mgonjwa ana nafasi 1/4 ya kulingana naye, na nafasi 3/4 ya kutokuwa mgonjwa. Mambo hayo mawili hurithiwa mbalimbali. Onyesha kuwa nafasi ya kumpata ndugu afaaye ni 3/16, yaani chini ya mmoja kati ya watano.