Riwaya gani nimpe binti yangu?

Swali: Mwalimu, binti yangu wa miaka 14 amechoshwa na vitabu vya mtihani. Tunaishi South B. Aanze na riwaya gani?

Jibu: Mama, mpe Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotolewa 1996 na Longhorn, wachapishaji wenye ofisi Funzi Road, hapo hapo Industrial Area. Kongowea, kijana wa Tanga aliyefiwa na mama mwimbaji wa taarabu, anavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua. Kiswahili chake kitamu mno! Akiimaliza, ageukie Kill Me Quick ya Meja Mwangi (1973): vijana wawili wamemaliza shule, wanahangaika Nairobi bila kazi. Ina ukatili na jela, kwa hivyo msome pamoja. Tafadhali, usimtungie maswali ya ufahamu. Kabla ya kununua, pitieni maktaba za Makadara na Kaloleni.